Jina la Mackinnon lina nasaba yake: lielezwe kabla halijafutwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuma mawili yaliyopita akitaka jina la Mackinnon, yaani la Sir William Mackinnon aliyeongoza kampuni iliyoiendesha pwani hii zamani, liondolewe katika ramani ya pwani yetu, kwa hoja kwamba ni jina la Kiingereza lisilo na maana yoyote. Kuhusu kuliondoa au kuliacha, hilo ni shauri la wenyeji wa mahali penyewe, na nitalirudia mwishoni. Ninalotaka kulisahihisha kwanza ni hayo maneno yake mawili. Jina hili si la Kiingereza, na maana linayo. Nilisomesha historia katika shule za msingi za hapa Mombasa kwa miaka 31, na sikumbuki mwaka uliopita bila mwanafunzi mmoja kuniuliza Mackinnon alikuwa nani. Miaka ya mwanzo nilijibu kama alivyojibu msomaji wetu: Mzungu mmoja, Mwingereza. Baadaye nilijifunza kwamba nilikuwa nikiwapotosha watoto wa watu, na barua hii ni sehemu ya deni ninalodaiwa nao.

Kila aliyepanda basi la Nairobi anaujua mji mdogo wa Mackinnon Road, unaoufikia ukishazipita Samburu na Taru, kabla hujafika Maungu na Voi. Wasafiri wengi husimama pale msikitini penye kaburi la Seyyid Baghali Shah, mtu wa Punjab aliyekuja kufanya kazi ya reli, ambaye inasimuliwa kwamba karai la udongo lilikuwa likielea juu ya kichwa chake pasipo kumgusa. Wanasoma Fatiha, wanatoa sadaka, wanaendelea na safari. Jina la walii wanalijua vizuri. La mji hawana habari nalo. Na hapa mjini, soko letu la Marikiti, lenye viungo na tende na mboga, wazee wangu walilijua pia kwa jina la Soko la Mackinnon, ijapokuwa ulimi wa watu ulishindwa nalo na ukachagua Marikiti.

Sasa tulitazame jina lenyewe. Mackinnon ni jina la Waskoti wa milimani na visiwani, watu ambao lugha yao ya asili ni Kigaeli, lugha iliyo mbali sana na Kiingereza. Kwa Kigaeli huandikwa MacFhionghuin. «Mac» ni mwana, na kazi yake ni ileile inayofanywa na «bin» katika majina yetu. Binti naye haitwi Mac bali Nic, kama sisi tunavyosema «binti fulani». Fionghuin ni jina la mtu, jina kongwe linalopatikana pia Ayalandi, ambako mfalme mmoja wa Munster aliyefariki mwaka 742 aliitwa Cathal mac Finguine. Maana yake ni «aliyezaliwa mweupe» au «mzaliwa mwema», kwa kuwa katika lugha hiyo neno la weupe lilibeba pia maana ya uzuri na baraka.

Huenda msomaji akauliza: kama mzee aliitwa Fionghuin, herufi K ya Kinnon imetoka wapi? Mimi hapa ndipo nilipolipenda jina hili, maana ni jambo ambalo Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana. Sisi tunasema ulimi mmoja na ndimi mbili, kamba ndefu na mti mrefu. Sauti ya mwanzo hubadilika ikiguswa na sauti iliyo mbele yake. Katika Kigaeli, jina likiwekwa baada ya «mac» herufi yake ya kwanza hulainika, na F ikilainika huandikwa Fh na haitamkwi kabisa. Kinachobaki ni «mac» na «ionghuin». Mwandishi asiyejua lugha akisikia maneno hayo mawili yameshikana, huivuta ile sauti ya mwisho ya «mac» akaiweka mwanzo wa jina linalofuata, na hapo Kinnon huzaliwa. K si mali ya mzee Fionghuin. Ni mkia wa neno «mwana».

Na makarani hawakukoma hapo. Jina hilohilo limeandikwa McKinnon na MacKinning, na katika rasi ya Kintyre likawa MacKinven. Linaloshangaza zaidi ni kwamba wako watu wa ukoo huu wanaoitwa Love, yaani Upendo, kwa sababu mtu fulani alilisikia jina akadhani limetoka katika neno la Kigaeli «ionmhuinn», mpendwa, naye akalitafsiri kwa Kiingereza. Kosa la sikio la mtu mmoja likawa jina la kurithi la vizazi na vizazi.

Mimi nalielewa jambo hili kwa uchungu wa nyumbani. Mimi na ndugu yangu, tumbo moja na baba mmoja, tunabeba majina ya mwisho tofauti katika vitambulisho vyetu. Ofisi moja iliyotuandikisha iliondoa «bin» katika majina yetu. Mimi nikapewa jina la babu kuwa jina la ukoo, yeye akapewa jina la baba, na jina la mbari yetu likaachwa kabisa kwa sababu karani aliona karatasi haina nafasi. Mpaka leo, tukienda kushughulikia mirathi ya marehemu mzee wetu, tunaulizwa tuthibitishe kwamba ni ndugu. Waskoti wa visiwani walipitia jambo hilihili. Zamani wengi wao hawakuwa na jina moja la kudumu. Mtu alijitambulisha kwa kuhesabu baba, babu na baba wa babu, na mtoto wa kijijini aliijua orodha hiyo kwa moyo kama watoto wetu walivyokuwa wakifundishwa kuhesabu nasaba. Serikali na kanisa walipotaka kila mtu awe na jina moja la kuandikwa daftarini, wengi wakajiandikisha kwa jina la mkuu wa ukoo walioishi chini yake. Kwa hiyo si kila Mackinnon ametokana na damu ya Fionghuin. Neno lao «clann», ambalo sisi tunalifasiri kuwa ukoo, maana yake ya asili ni watoto, lakini waliohesabiwa kuwa watoto walikuwa pamoja na wapangaji, washirika na waliokuja kutafuta hifadhi. Mwenyeji wa Mombasa anayeijua habari ya Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, jinsi watu wa Pate na Faza na Kilifi na Mtwapa walivyokuja kuhesabiwa miongoni mwa Miji Tisa ya mji huu, hatashangaa.

Kuhusu asili ya ukoo, wenyewe husimulia kwamba Fionghuin wao alikuwa wa kizazi cha Kenneth MacAlpin, mfalme aliyefariki mwaka 858 na anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa ufalme wa Uskoti. Wanahistoria wa leo hawaikubali nasaba hiyo kwa urahisi. Mimi naipokea kama ninavyoipokea kwetu habari ya wazee waliotoka Shirazi, Uajemi: huenda isiwe hesabu kamili ya damu, lakini inatuambia watu walitaka kujiunga na nani, na heshima waliitafuta upande gani. Yenye ushahidi ni kwamba nchi yao ilikuwa katika visiwa vya Mull na Skye, magharibi mwa Uskoti. Huko Skye, mahali paitwapo Kyleakin, yamesimama mpaka leo magofu ya ngome yao, Caisteal Maol, juu ya mlangobahari mwembamba. Masimulizi yanasema binti wa kifalme wa Norwei aliyeolewa na Mackinnon mmoja alitandika mnyororo kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, chombo kisipite bila kulipa ushuru. Katika kisiwa kitakatifu cha Iona, abate John Mackinnon ndiye aliyekuwa wa mwisho katika safu ya maabate, naye alifariki karibu na mwaka 1500. Sura yake iliyochongwa katika jiwe ingalipo kanisani, na upo msalaba wa mawe wa mwaka 1489 wenye jina lake na la baba yake Lachlan.

Iko habari nyingine ambayo sijapata kuisahau tangu nilipoisoma. Ukoo wa Mackinnon ulikuwa chini ya Mabwana wa Visiwa, watawala wa ukoo wa Macdonald ambao mamlaka yao yalivunjwa na mfalme mwaka 1493. Historia ya kale ya ukoo huo wa Macdonald inaeleza kwamba kila nyumba kubwa ilikuwa na wadhifa wake katika utawala wa visiwa, na wadhifa wa Mackinnon ulikuwa kuhakikisha mizani na vipimo viko sawa. Marehemu bibi yangu alikuwa na pesa moja ya shaba aliyoifunga katika pindo la kanga yake ya zamani, na baada yake imebaki kwangu. Ni pesa ya Mombasa ya mwaka 1888, yaani 1306 Hijria, iliyotolewa na kampuni ya Imperial British East Africa iliyoongozwa na Sir William Mackinnon. Upande mmoja ina jua na taji. Upande wa pili ina mizani. Sidhani aliyeichora alikuwa akifikiria kazi ya wazee wa Skye. Mizani ni alama ya haki inayotumika kila mahali. Lakini mimi kila nikiishika naikumbuka, na nikipita Marikiti nikaona muuzaji wa pilipili manga akiinua kipimo chake, naikumbuka tena.

Mambo yaliyowapata watu wa jina hili baada ya 1493 ndiyo yanayonifanya nikatae kuliita la Kiingereza. Mwaka 1609 wakuu wa koo za visiwani, Mackinnon wa Strath, huko Skye, akiwa miongoni mwao, walilazimishwa kutia saini masharti ya Iona, na sharti mojawapo lilimtaka kila mwenye ng'ombe 60 ampeleke mwanawe wa kwanza shule za bondeni akajifunze kusema, kusoma na kuandika Kiingereza. Lugha ya nyumbani ilihesabiwa kuwa chanzo cha ushenzi. Mwaka 1746, baada ya jeshi la mwanamfalme Charles Stuart, aliyekuwa akidai kiti cha enzi, kushindwa pale Culloden, serikali ilitangaza pauni 30,000 kwa atakayemtoa. Alipofika Skye akiwa mtoro, wazee wa Mackinnon walimficha wakamvusha kwa mashua usiku hadi bara, na mkuu wao akakamatwa kwa tendo hilo akakaa kifungoni mpaka mwaka uliofuata. Hakuna aliyeipokea ile fedha. Nchi yao ya Strath iliuzwa mwaka 1751 ikaangukia mikononi mwa Macdonald, na karne moja baadaye, mwaka 1853, katika parokia hiyohiyo, watu wa vijiji vya Boreraig na Suisnish walitolewa majumbani mwao ili ardhi wapewe kondoo. Waskoti wengi wa milimani walikwisha kuvuka bahari kabla ya hapo, wengine wakafuata, na ndiyo maana leo jina la Mackinnon limejaa Cape Breton na Prince Edward Island huko Kanada. Habari ya watu kuambiwa kwamba ardhi waliyozikwa babu zao ni ya mwenye karatasi, hilo sina haja ya kulifasiri kwa msomaji wa Pwani.

Basi na huyu Mackinnon wetu? Alizaliwa Campbeltown, katika ile rasi ya Kintyre niliyoitaja, mwaka 1823. Alianza kazi dukani, akaenda India mwaka 1847, akashirikiana na Mskoti mwenzake Robert Mackenzie (ambaye jina lake nalo ni «mwana wa Coinneach») wakaanzisha biashara Calcutta. Kutokana na hiyo ikazaliwa kampuni ya meli za British India, ambazo kuanzia mwaka 1872 zilileta barua Unguja. Mwaka 1887 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini kuwakabidhi Mackinnon na wenzake uendeshaji wa pwani hii kwa miaka 50, na mwezi wa Septemba 1888 kampuni yao ya Imperial British East Africa, ileile iliyotoa pesa ya bibi yangu, ikapata hati ya Malkia wa Uingereza. George Mackenzie ndiye aliyekuja kuiendesha hapa Mombasa, naye aliikuta fitina ya watumwa waliotoroka mashambani wakajificha katika misheni ya Rabai. Akawalipa waliokuwa mabwana zao, na tarehe 1 Januari 1889 watu wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru. Mwaka 1890 kampuni ilianza kufungua njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa kuelekea Kibwezi, na hiyo njia ndiyo iliyoupa mji wa Mackinnon Road jina lake. Sir William alifariki Juni 1893. Kampuni haikupata faida iliyoitumaini, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi moja kwa moja, na mwaka huohuo vita vya Mbaruk bin Rashid vikawaka huku kwetu.

Simtetei. Mtu aliyezaliwa katika watu walionyang'anywa lugha na ardhi alikuja kusimamia kampuni iliyoketi juu ya lugha na ardhi za wengine, na jambo hilo huniumiza zaidi kwa kuwa alikuwa na jina lile. Nalo jina halikuacha kutumika baada yake. Meli ya kwanza ya mvuke ya reli katika Ziwa Viktoria iliitwa William Mackinnon, ilisafirishwa vipande vipande kupitia bandari yetu, ikashushwa majini mwaka 1900. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walijenga bohari kubwa la kijeshi pale Mackinnon Road, na katika miaka ya Hali ya Hatari pakawa na kambi ya kuwafungia watu waliotuhumiwa kuwa Mau Mau. Wapo Wakenya ambao kwao Mackinnon Road ni jina la kambi hiyo, na wana haki ya kulisikia hivyo.

Hapa Mombasa sanamu ya Sir William ilisimama miaka mingi, na baada ya uhuru ikaondolewa ikapelekwa Uskoti. Sikuona ubaya. Lakini ilipoondolewa hakuna aliyeandika popote kwamba ilikuwapo, ilikuwa ya nani na kwa nini iliondoka, na matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa leo akipita pale hana la kuuliza. Nahofia tutafanya vilevile kwa jina. Msomaji wetu anataka lifutwe. Akifanikiwa bila maelezo, yule mtoto atakayeona Mackinnon Road katika hati ya zamani ya babu yake aliyefungwa pale hatajua atafute mahali gani.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linawezekana. Kabla ya mjadala wa kubadilisha jina kuanza, serikali za kaunti za Kwale na Mombasa ziweke vibao viwili, kimoja pale barabarani karibu na msikiti na kingine penye lango la Marikiti, viandikwe kwa Kiswahili kwanza. Kibao cha barabarani kiseme jina limetoka wapi na lina maana gani, kitaje njia ya 1890, kimtaje Seyyid Baghali Shah, na kiwataje waliofungwa pale. Cha Marikiti kinaweza kuwa kifupi zaidi. Kisha wenyeji wa Mackinnon Road, Waduruma na Wataita na Wakamba na wengine wanaolala na kuamka pale, waulizwe wao wanataka kuuita mji wao nini. Wakisema libaki, libaki. Wakiwa na jina lao la kale la kurudisha, lirudishwe, na kibao kiwe na yote mawili.

Ombi la pili ni kwako, Mhariri. Gazeti lako limeliandika jina hili kwa namna tatu tofauti mwaka huu, Mackinon, Makinnon na McKinnon, na mara mbili limemwita Sir William Mwingereza. Naomba liandikwe Mackinnon, na mwenyewe aitwe Mskoti. Ile pesa ya shaba ninayo nyumbani. Ukimtuma mpiga picha wako, nitaitoa aipige pande zote mbili.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa